S, X au G: Namna ya Kusoma Madaraja ya Gari la Umeme Kabla ya Kulipa

Matangazo mawili yako mbele yako. Yote ni Nissan Leaf ya 2019, rangi moja, kilomita zilizotembea zinakaribiana. Moja ni S, nyingine ni G, na bei ya G iko juu kiasi cha kukufanya ujiulize unalipia nini hasa. Muuzaji wa kwanza anakwambia G ndiyo iliyokamilika kila kitu. Wa pili anakwambia S inatosha, umeme ni uleule. Kila mmoja amesema nusu ya ukweli, na nusu waliyoiacha ndiyo inayokula fedha za wanunuzi.

Kwenye magari ya petroli tumezoea kwamba daraja la juu huja na viti vya ngozi, rimu nzuri na mara nyingi injini kubwa zaidi. Herufi iliyoko nyuma ya gari ilitosha kumwambia mtu mengi. Gari la umeme halisomeki hivyo. Kitu chake cha thamani kubwa kuliko vyote ni betri, na ukubwa wa betri, pamoja na afya yake, mara nyingi havifuati herufi ya daraja. Unaweza kulipia daraja la juu ukapata betri ndogo iliyochoka.

Mwongozo huu unatumia Leaf kama mfano, kwa sababu ni miongoni mwa magari ya umeme ya mtumba yanayotoka Japani kuja Mombasa na Dar es Salaam, na kwa sababu historia yake inaonyesha wazi kila mtego wa madaraja. Kanuni yenyewe ni moja na itakufaa kwa gari lolote la umeme: lipia kwanza kile ambacho fundi hawezi kukuongezea baadaye. Mengine yote yangoje.

Hatua ya kwanza: tenganisha kizazi, betri na daraja

Haya ni mambo matatu tofauti, na tangazo huyachanganya kwenye mstari mmoja. Yasome moja moja.

*Kizazi.* Leaf ya kwanza ilianza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010. Kwenye nyaraka hutambulika kwa msimbo ZE0. Mwishoni mwa 2012 ikafanyiwa maboresho makubwa na msimbo ukawa AZE0. Kizazi cha pili, ZE1, kilizinduliwa Japani mwaka 2017 na kuanza kuuzwa Oktoba. Ukiona ZAA-AZE0 au ZAA-ZE1 kwenye karatasi za gari, umeshajua kizazi hata kabla ya kuona picha.

*Betri.* Ukubwa wake hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti ileile moja unayonunua kwa Luku au kwa tokeni. ZE0 ilikuwa na betri ya uniti 24. AZE0 ilianza na 24, kisha mwishoni mwa 2015 ikapata chaguo la 30. ZE1 ilikuja na 40, na kuanzia Januari 2019 likaongezwa toleo la e+ lenye 62. Gari hujiwekea akiba kidogo, kwa hiyo usitarajie kutumia uniti zote hadi ya mwisho.

*Daraja.* Kwa magari ya soko la Japani, S ndilo la chini, X la kati na G la juu. Utakutana pia na X V Selection, ambayo ni X iliyoongezewa vifaa vya ziada, na matoleo ya mapambo kama NISMO na AUTECH.

Sasa angalia jinsi mambo haya yanavyopishana. Betri ya uniti 30 ilipoingia Japani, S, X na G zote ziliuzwa kwa betri ya 24 au ya 30, kwa chaguo la mnunuzi. Maana yake, leo sokoni kuna S yenye betri ya 30 na kuna G yenye betri ya 24, za mwaka mmoja. Anayefuata herufi peke yake ataichukua G, na kila safari ndefu itamkumbusha uamuzi huo.

Kwenye ZE1 ya uniti 40 jambo ni rahisi zaidi: S, X na G zina betri moja na mota moja ya kilowati 110. Tofauti yao iko kwenye vifaa tu. Hata ule uwezo wa kuendesha kwa pedali moja, wanaouita e-Pedal, ambao wauzaji hupenda kuutaja kama sifa ya daraja la juu, uko kwenye ZE1 zote za Japani. Anayekutoza zaidi kwa ajili ya e-Pedal anakuuzia kitu ambacho S nayo inacho. Toleo la e+ ndilo linalobadilisha gari lenyewe: betri ya 62 na mota ya kilowati 160.

Hatua ya pili: uliza kilomita zimepimwa kwa kipimo gani

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu gari lilelile linaweza kutangazwa kwa masafa matatu tofauti na yote yakawa ya kweli. Leaf ya uniti 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400 kwa chaji moja, kwa kipimo cha zamani cha Kijapani kiitwacho JC08. Kwa kipimo kipya zaidi cha WLTC, gari hilohilo likapewa kilomita 322. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, likalipatia maili 151, yaani kilomita 243 hivi.

Ukiyaweka matoleo mengine mezani, utaona mpangilio uleule. Leaf ya uniti 24 iliyofanyiwa maboresho ilipewa kilomita 228 kwa JC08, lakini ya 24 iliyouzwa Marekani mwaka 2014 ikapewa kama 135 na EPA. Ya uniti 30 ilipewa 280 Japani na kama 172 Marekani. Mara zote namba ya Marekani inaangukia karibu asilimia 60 ya ile ya JC08. Kwa hiyo ukiona tangazo la muuzaji wa Japani lenye kilomita za JC08, zidisha kwa 0.6 na upangie maisha yako kwa jibu hilo. Ukibahatika kupata zaidi, ni faida.

Daraja nalo linagusa masafa, tena kwa upande usioutarajia. Marekani, Leaf yenye betri ya 62 ilipopimwa na EPA, daraja la chini la S Plus lilipata maili 226, wakati SV Plus na SL Plus zilizo juu yake zilipata 215. Betri ni ileile, lakini vifaa vya ziada na magurudumu makubwa vina gharama yake. Japani, Leaf NISMO ya 2018 yenye betri ya uniti 40 ilipewa kilomita 350 kwa JC08, wakati S, X na G za kawaida zilipewa 400. Rimu zake ni za inchi 18 na umbo lake ni la kimichezo, ila mota ni ileile. Kama unanunua gari ili likufikishe mbali, pambo hilo limekupunguzia kilomita 50 kwenye karatasi hata kabla hujatoka bandarini.

Hatua ya tatu: pima afya ya betri kabla ya kusoma herufi

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hutegemea hewa. Kwa hiyo joto na miaka huila taratibu, na magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na betri zilizotofautiana sana kulingana na yalivyotunzwa.

Kwenye dashibodi, upande wa kulia wa kipimo cha chaji, kuna vimstari vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji uliyonayo. Vinaonyesha uwezo uliobaki wa betri yenyewe. Kwenye Leaf za kizazi cha kwanza, kimstari cha kwanza hupotea betri ikiwa imepungua takriban asilimia 15, na kila kinachofuata huwakilisha kama asilimia 6. Kwa hiyo vimstari 12 haimaanishi betri mpya. Inaweza kuwa imeshapoteza asilimia 10 na zaidi bila kuonyesha.

Tufanye hesabu. Una G ya uniti 30 yenye vimstari 9, na S ya uniti 30 yenye vimstari vyote 12. Ile G imepoteza zaidi ya robo ya uwezo: imebakiwa na uniti 22 hivi. Ile S ina angalau 25 na nusu. Ukikadiria matumizi ya uniti 16 kwa kila kilomita 100, S inakwenda kilomita 20 na zaidi kuliko G kila unapojaza chaji, leo na kesho. Kamera ya nyuma unaweza kuiwekea S wiki ijayo. Betri iliyochoka ya G huna fundi wa kuirudishia ujana, ila kwa kununua nyingine kwa gharama kubwa.

Usiridhike na vimstari peke yake. Kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vimstari vyote 12 vionekane kwa muda. Fanya haya matatu:

1. Tafuta kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kinachochomekwa chini ya usukani, na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia, hali ya kila seli, na idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaji ya haraka na ya kawaida.
2. Kama gari bado liko Japani, mwombe muuzaji picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, vimstari vikionekana pamoja na kilomita zilizotembea. Asiyetaka kuituma amekujibu.
3. Kama gari liko yadi, lijazwe chaji hadi asilimia 100, kisha uliendeshe safari unayoijua urefu wake, Nairobi hadi Thika na kurudi, au Posta hadi Kibaha na kurudi. Linganisha chaji iliyotumika na kilomita ulizokwenda.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, hatua hii ina uzito zaidi kuliko kwa anayeishi Limuru au Njombe. Joto la pwani litaendelea kuila betri hiyo baada ya wewe kuinunua, kwa hiyo anza na betri yenye afya au kubwa zaidi.

Hatua ya nne: gawa vifaa vya daraja katika mafungu matatu

Baada ya betri, chukua orodha ya vifaa vya gari hilo na uipange hivi.

*Fungu la kwanza: visivyoweza kuongezwa baadaye.* Humu kuna chaja ya ndani ya gari, tundu la chaji ya haraka, mifuko ya hewa, na mifumo ya usalama inayotegemea kamera na rada, kama breki ya dharura inayojikamata yenyewe. Hivi ndivyo vya kulipia. Kwa gari la familia, breki ya dharura ina thamani kuliko kiti cha ngozi, na ni vyema kuhakikisha ipo na inafanya kazi. Ukishalinunua gari lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, kumbuka kuwa kubadilisha kioo hicho kunahitaji kamera ipangwe upya. Muulize fundi kama ana uwezo huo kabla hujavunja kioo, si baada.

*Fungu la pili: vinavyoongezeka kwa fundi.* Rimu, redio yenye skrini, kamera ya nyuma, ngozi ya viti. Vyote hivi vinapatikana Kariakoo au Kirinyaga Road. Kama tofauti ya bei kati ya S na G imejengwa na fungu hili, S inakuachia fedha mkononi. Kwenye rimu, fikiria zaidi: S ya ZE1 huvaa tairi za 205/55R16, ambazo ni saizi ya magari mengi barabarani na zinapatikana kila mji. G huvaa 215/50R17. Rimu ya inchi 17 ina ukuta mwembamba wa tairi, na kwenye barabara yenye mashimo hilo utalihisi kwenye mgongo na kwenye mfuko.

*Fungu la tatu: visivyofanya kazi ipasavyo huku.* Hili ndilo fungu linalowaumiza wanaonunua G kwa kufuata jina. Skrini ya nevigesheni ya kiwandani ina ramani za Japani na maandishi ya Kijapani, na kuibadilisha lugha si kazi nyepesi. Huduma ya kuliwashia gari kiyoyozi kwa simu hutegemea mtandao wa Nissan wa Japani. Redio ya Kijapani huanzia masafa ya 76 na kwa magari mengi huishia 90 au 95, wakati stesheni zetu huenda hadi 108. Viti vya kupasha joto na usukani wa kupasha joto vilitengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Hokkaido. Mfumo wa ProPILOT, unaosaidia kushika mstari na kuweka umbali na gari lililo mbele, unahitaji barabara iliyochorwa mistari inayosomeka. Katikati ya bodaboda na bajaji hautakupa msaada uliolipia.

Madaraja haya yalipangwa na watu waliokuwa wakifikiria mnunuzi wa kwanza, barabara zake na baridi yake. Wewe ni mnunuzi wa pili, na mahitaji yako ni mengine.

Hatua ya tano: fungua kifuniko cha chaji ukaone mwenyewe

Mbele ya Leaf kuna kifuniko. Ukikifungua, utakuta tundu dogo la chaji ya kawaida, na pembeni yake tundu kubwa la chaji ya haraka la mtindo wa CHAdeMO. Hakikisha tundu kubwa lipo kweli. Marekani, kwa mfano, Leaf za daraja la S ziliuzwa kwa miaka mingi tundu hilo likiwa ni la kulipia zaidi, kwa hiyo kuna zisizo nalo.

Kisha uliza chaja ya ndani ni ya kilowati 3 au 6. Kwenye Leaf za Japani za kizazi cha pili, ya 3 ndiyo ya kawaida na ya 6 ilikuwa ya kuagiza kwa nyongeza. Herufi ya daraja haikuhakikishii. Nissan yenyewe ilikadiria kwamba betri ya uniti 40 hujaa kwa saa 16 ikiwa chaja ni ya kilowati 3, na kwa saa 8 ikiwa ni ya 6.

Je, tofauti hiyo inakuhusu? Piga hesabu ya siku yako. Mtu anayekwenda kazini na kurudi kilomita 60 hutumia uniti 10 hivi. Kwa chaja ya kilowati 3, hizo hurudi kwa saa tatu na nusu hadi nne usiku akiwa amelala. Huyo hana haja ya kulipia chaja ya 6. Lakini dereva wa teksi ya mtandaoni anayetembea kilomita 200 kwa siku anahitaji zaidi ya uniti 30 kila usiku. Kwa chaja ya 3 usiku hautamtosha. Kwake, chaja ya 6 ni mtaji.

Kuhusu vituo vya umma, chunguza njia unazopita kabla ya kulipa. Vituo vingi vipya hujengwa kwa mtindo wa CCS2, ambao hauingii kwenye tundu la Leaf. Na kwenye safari ndefu yenye chaji za haraka mfululizo, betri ya Leaf hupata joto na gari hupunguza kasi ya kupokea umeme ili kuilinda. Gari hili linamfaa zaidi mtu wa mjini na viunga vyake.

Jambo moja la usalama: waya wa chaji uliokuja na gari kutoka Japani usiuchomeke ukutani kabla fundi umeme hajasoma kibandiko chake. Nyumba za Japani hutumia volti 100 na 200. Zetu ni 230 hadi 240. Fundi huyohuyo akague kama nyumba yako ina athi inayofanya kazi na kama soketi inastahimili kubeba mzigo kwa saa nyingi mfululizo.

Hatua ya sita: soma karatasi kwa makini

Kwenye karatasi ya mnada wa Japani utaona sehemu ya daraja yenye S, X au G. Utaona pia namba kama 3.5, 4 au 4.5, nayo wauzaji wetu huiita gredi. Namba hiyo haihusiani na vifaa. Ni alama ya hali ya gari aliyoitoa mkaguzi wa mnada: mwili, mikwaruzo, usafi wa ndani. R humaanisha gari lililowahi kukarabatiwa baada ya ajali. Kwa hiyo dalali akikwambia gari ni "gredi nne na nusu", hajakwambia kama ni S au G, na wala hajasema neno kuhusu betri, kwa sababu alama ile hutolewa kwa kuangalia hali ya mwili na ya ndani.

Herufi hubadilika pia kwa nchi. S ya Japani si S ya Marekani; kule madaraja ni S, SV na SL, na kwa magari ya kuanzia toleo la 2013, S ilitumia hita ya kawaida inayokula umeme mwingi huku SV na SL zikitumia mfumo wa kuhamisha joto unaookoa chaji. Uingereza, ambako usukani ni wa kulia kama wetu, utakutana na majina ya Visia, Acenta, N-Connecta na Tekna, na betri ya uniti 30 iliuzwa kwa Acenta na Tekna pekee. Msomaji wa Kigali, Bujumbura au Bukavu, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, anaweza kukutana pia na matoleo ya usukani wa kushoto. Asilinganishe bei yake na ya jirani wa Dar es Salaam kwa kufuata herufi tu.

Usisahau kodi. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Leaf nyingi za betri ya 24 na 30 utazikuta kwa wenyeji waliokwisha kuzileta, si kwenye meli. Aidha KRA huanzia hesabu zake kwenye bei ya gari jipya la aina hiyo, hivyo daraja lililoandikwa kwenye hati linaweza kubadilisha kodi unayolipa. Tanzania, tumia kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha, maana gari lenye umri mkubwa hubeba ushuru wa ziada. Gari la bei nafuu Yokohama linaweza kuwa ghali bandarini.

Magari mengine, kanuni ileile

Ukitaka gari jipya, maswali hayabadiliki. BYD Atto 3, iliyokwisha kuuzwa mpya Nairobi na Kigali, ilitengenezwa kwa betri mbili: ya uniti 49.92 na ya 60.48, zote zikiwa na mota ya kilowati 150. Hapo tofauti ya matoleo ni ya betri hasa, si ya mapambo, na inastahili kufikiriwa kwa hesabu ya kilomita zako. Uliza pia kipimo: ile kubwa hutajwa kuwa na kilomita 480 kwa kipimo cha NEDC na 420 kwa WLTP.

Tesla imeonyesha kwamba daraja linaweza kuwa programu tu. Mwaka 2019 iliuza Model 3 Standard Range ambayo betri yake ilikuwa ya daraja la juu yake, Standard Range Plus, ila imefungwa kwa programu ili isitoe umeme wote. Kwa magari ya namna hii, uliza ni huduma zipi zimelipiwa, zimefungwa kwa gari au kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza, na kama zitabaki baada ya kuuziana.

Nani achukue lipi

Kama unakaa mjini, una mahali pa kuchaji nyumbani, na siku yako haizidi kilomita 80, tafuta ZE1 ya uniti 40, S au X, yenye betri iliyo na afya bora kuliko zote ulizoonyeshwa. Fedha uliyookoa kwenye herufi ipeleke kwenye soketi salama ya kuchajia na redio inayoshika stesheni zako.

Kama unafanya teksi, au unasafiri mara kwa mara kati ya miji, ongeza fedha kwenye betri: e+ ya uniti 62, yenye chaja ya 6 ikipatikana. Iliuzwa Japani kama e+ X na e+ G. Chukua e+ X bila kusita kama ndiyo yenye betri nzuri zaidi.

Kama bajeti yako inafika kwenye AZE0 tu, kataa 24 iliyochoka hata ikiwa G inayong'aa. Tafuta 30, daraja lolote, na uipime kwa LeafSpy.

Kama una watoto unaowapeleka shule kila siku na unapata G yenye afya ya betri sawa na S, kamera zake za kuona pande zote na mifumo yake ya usalama ni sababu halali ya kulipa zaidi. Hapo unalipia fungu la kwanza.

Maswali ya kumpa muuzaji kwa maandishi

- Msimbo wa gari ni upi: ZE0, AZE0 au ZE1?
- Betri ni ya uniti ngapi, na afya yake ni asilimia ngapi leo? Naomba picha.
- Kilomita ulizotangaza ni za JC08, WLTC au kipimo gani?
- Chaja ya ndani ni kilowati 3 au 6?
- Tundu la chaji ya haraka lipo? Naomba picha ya kifuniko kikiwa wazi.
- Breki ya dharura ipo na inafanya kazi?
- Kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa?
- Waya wa chaji upo, na kibandiko chake kinasema volti ngapi?
- Karatasi ya mnada iko wapi?

Muuzaji mwaminifu atajibu yote kwa siku moja. Anayekurudishia jibu la "hii ni fulu, usiwe na wasiwasi" hajajibu hata swali moja, na una haki ya kwenda yadi inayofuata. Andika majibu ya kila gari kwenye karatasi moja, betri ikiwa juu na herufi ya daraja ikiwa chini kabisa, kisha linganisha bei kwa mpangilio huo. Mara nyingi utagundua kwamba gari bora kwa fedha yako ni lile ambalo tangazo lake halikutumia maneno mengi.